Maswali na Majibu: Ndege Wawili Katika Picha Moja

Tangu tulipochapisha picha za ndege wa hori la Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, wasomaji wengi wametuandikia kuuliza namna ya kuwapiga picha ndege wa ufukoni, hasa pale wanapogombana, wanapolishana au wanapoporana chakula. Barua zilizofuata tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Mimi ni mkazi wa Watamu, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikiwapiga picha ndege wa Mida kwa lenzi ya milimita 400. Picha ninazo kwa maelfu, lakini takriban zote ni za namna mbili: ndege mmoja aliyesimama wima kama aliyekwenda kupigwa picha ya kitambulisho, au kundi zima linaloruka likinionyesha mikia. Ninachokitamani ni kuwapata ndege wakihusiana wao kwa wao. Je, ninunue lenzi ya milimita 600?

Jibu: Ndugu yangu wa Watamu, fedha zako zihifadhi kwanza. Mikia hiyo unayoipiga inatuambia kwamba wewe ndiye unayewaendea ndege, na ndege anayeendewa hana nafasi ya kugombana na jirani yake, kwa kuwa macho yake yote yako kwako. Lenzi ndefu zaidi itakupa mikia mikubwa zaidi. Unachohitaji ni kuyaacha maji yakuletee ndege, na kwa hilo umebahatika kuzaliwa au kuhamia mahali ambapo kila mvuvi anaweza kukupa ratiba.

Unajua bila shaka kwamba siku za bamvua, yaani siku chache kuanzia mwezi mwandamo na tena kuanzia mwezi mpevu, bahari yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji yakajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Kati ya siku na siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, na ndani ya hori huchelewa zaidi kidogo kuliko baharini, kwa sababu yote hupita katika mlango mmoja mwembamba. Sasa liweke hilo pamoja na jua. Pwani yetu inatazama mashariki. Anayeelekeza kamera baharini asubuhi anapigana na mwanga, lakini anayeielekeza huko huko kuanzia saa tisa alasiri jua liko mgongoni mwake na linawaangaza ndege usoni. Kwa hiyo alasiri za bamvua hukupa mambo mawili kwa pamoja: mwanga unaofaa, na maji yanayopanda ambayo yanawasogeza ndege kutoka kwenye tope pana, waliokuwa wametawanyika, hadi kwenye ukanda mwembamba ulio mbele yako. Ndani ya hori tafuta upande wa magharibi ili upate faida hiyo hiyo, au keti katika banda la kuchungulia lililo mwishoni mwa njia ya ubao inayopita kati ya mikoko, ambako ndege wamezoea kwamba mwanadamu hatoki nje ya mpaka wake.

Fika mapema, mnamo saa saba au saa nane, wakati ndege wangali mbali. Chagua mahali pa juu kidogo kuliko pale maji yatakapofika, hakikisha kwamba nyuma yako hapana mkondo utakaojaa na kukuzingira, tandika gunia kuukuu, kisha ulale au ukae chini na usiondoke. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kutoka kwa akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza: wao huinama, huenda polepole katika mstari wao, hawamwangalii ndege, na sululu, ndege yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, huendelea kula umbali ambao mimi, kwa kusimama na kumkodolea macho, sikuwahi kuufikia. Kamera ikiwa chini, usawa wa jicho la ndege, kuna faida nyingine pia, kwa kuwa tope na maji yaliyo nyuma yao huwa mbali na kufifia, na macho ya mtazamaji hubaki kwenye mambo yanayotendeka.

Baada ya hapo unapaswa kujua ni nani wa kumtazama, maana ugomvi wa ufukoni una sababu zake na hautokei ovyo. Vitwitwi wenye macho makubwa na midomo mifupi hutafuta chakula kwa kuona: hukimbia, husimama ghafla, hudonoa. Wenye midomo mirefu hutafuta zaidi kwa kugusa, wakiidunga midomo yao topeni mfululizo. Anayewinda kwa kuona huhitaji uwanja uliotulia, kwa kuwa nyayo za mwenzake huwafanya minyoo na kaa wazame, na kwa hiyo baadhi yao, hasa kitwitwi mkubwa wa kijivu, hushika eneo la tope na kulilinda maji yanapopwa. Maji yakipanda, maeneo hayo hufunikwa moja baada ya jingine na majirani husukumwa pamoja. Hapo ndipo utakapomwona mmoja ameinamisha kichwa, amekunja shingo, na anamkimbilia mwingine kama aliyefyatuliwa kutoka kwenye upinde. Usingoje mpaka wagusane. Anza kupiga pale kichwa kinapoinama.

Sululu naye mtazame anapokamata kaa. Hawezi kumeza kaa mzima mwenye magando, kwa hiyo humtikisa na kumpiga chini mpaka miguu imtoke, na sekunde hizo anazozitumia kuandaa chakula chake ndizo wengine wanazozitumia kukisogelea. Shakwe ni hodari wa kungoja kazi ya wenzake. Katika mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ambako shakwe na buabua hukusanyika kwenye fungu moja la mchanga, buabua anayerudi na samaki mdomoni hufukuzwa angani kwa mizunguko ambayo jicho haliwezi kuifuata vizuri. Ukitaka picha hiyo, acha kumfuata shakwe. Mfuate mwenye samaki, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua njia, na anayemfukuza atajileta mwenyewe ndani ya picha.

Kuhusu kamera yenyewe, nina machache. Kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga ndani ya kamera, isipungue 1/1600 ya sekunde kwa ugomvi wa chini na 1/2500 kwa angani, na kwa jua letu la alasiri kasi hiyo hupatikana bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kupita kiasi. Tatizo kubwa zaidi ni kuwapata ndege wawili wote wakiwa wazi. Kwa lenzi yako ya milimita 400, kwenye kamera ya kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ukiwalenga walio mita 20 mbali kwa tundu la lenzi la f/8, eneo linaloonekana wazi kutoka mbele hadi nyuma ni kama mita 1.2 tu; wakiwa mita 10, hupungua hadi kama sentimita 30. Ndege wakisimama mmoja nyuma ya mwingine, mmoja atafifia. Dawa yake iko katika mahali ulipokaa: ndege hujipanga kufuata ukingo wa maji, kwa hiyo ukiutazama ukingo huo kwa pembe mraba, wote watakuwa umbali mmoja nawe. Ukikaa pembeni na kuutazama kwa urefu wake utapata foleni ya migongo.

Na usikaze picha kiasi cha kujaza ndege mmoja. Picha ya uhusiano inahitaji nafasi iliyo kati yao. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukuambia kwamba milimita 400 zinakutosha.

Swali: Assalaam alaykum. Nakuandikieni kutoka Muscat, ambako wazee wetu walirudi kutoka Unguja. Kila msimu wa baridi tunakwenda Barr al Hikman, kwenye fukwe za tope za hapa Oman, na huko nimewapiga picha ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene wanaokula kaa. Katika picha kadhaa yumo ndege wa rangi ya kijivujivu, mkubwa kama wenzake, anayemfuata mmoja wao huku ameinama na kulia bila kunyamaza. Je, huyo ni mgonjwa? Na je, ni kweli kwamba ndege hawa wako Kenya pia?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yetu wa Muscat. Huyo si mgonjwa, ni mtoto, na umepiga picha ya jambo ambalo kwa ndege wa ufukoni ni la nadra sana. Ndege huyo ni mla-kaa, ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola, na katika familia yake yuko peke yake. Vifaranga wa karibu ndege wote wengine wa ufukoni huanza kutembea na kujitafutia chakula muda mfupi baada ya kuanguliwa. Mla-kaa ana desturi nyingine kabisa: huchimba shimo mchangani kwa pamoja na wenzake wengi, hutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia, hata wazazi huweza kuliacha kwa muda mrefu. Kifaranga hubaki shimoni akiletewa chakula na wazazi wote wawili, na hata akishaweza kuruka haachi kuomba. Husafiri na mzazi hadi kwenye maeneo ya kupitisha msimu, na huko humfuata topeni kwa miezi akidai kaa.

Ndiyo, wako Kenya, na kwa kweli wa kwenu na wa kwetu wana asili moja. Hutaga katika visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na bahari ya Uarabuni, kuanzia kati ya Aprili na Agosti, kisha wengine hubaki huko huko na wengine hushuka mpaka pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Hori la Mida huwapokea kwa mamia. Naamini wazee wako wangecheka kusikia kwamba wapo wanaoifuata njia ile ile ya majahazi, tena bila kungoja kaskazi ikae sawa.

Kwa upande wa picha, mlenge mzazi. Mtoto hulia muda wote, na ukimlenga yeye utapata mdomo wazi mara mia. Mzazi akikimbia ghafla na kusimama, ana kaa. Anza kupiga hapo, na uache nafasi upande ambao mtoto anatokea. Tope la Barr al Hikman ni pana mno, na msimu wa baridi hubeba zaidi ya nusu milioni ya ndege wa ufukoni, kwa hiyo kutembea nyuma yao ni kazi isiyokwisha na ni hatari maji yanaporudi. Ngoja kwenye ukingo wa juu. Jihadhari pia na mtetemo wa hewa ya joto juu ya tope, unaoifanya picha ionekane kana kwamba lenzi ni mbovu. Ukianza kuuona, hapana mpangilio wa kamera utakaouondoa, isipokuwa kupunguza umbali au kungoja jua lishuke.

Swali: Napiga picha kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, Dar es Salaam. Yangeyange wangu wote wanatoka kama karatasi nyeupe isiyo na manyoya, lakini rafiki yangu anayepiga picha kwenye mchanga mweupe analalamika kwamba wa kwake wanatoka kijivu. Kamera zetu ni za aina moja.

Jibu: Kamera zenu zinafanya kosa lile lile kwa pande mbili. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa kila kinachoonekana. Wewe una ndege mdogo mweupe kwenye tope jeusi, nayo inadhani pana giza na kuongeza mwanga mpaka mweupe anaungua. Rafiki yako ana mchanga unaong'aa kila upande, nayo inadhani pamezidi mwanga na kuupunguza. Wewe punguza kwa theluthi mbili za hatua (kipimo cha mwanga cha kamera) hadi hatua moja na theluthi, yeye aongeze kwa kiasi kama hicho huku akiwachunga ndege weupe wasiungue. Ninavyofanya mimi, jua likiwa wazi bila mawingu, ni kuacha hesabu ya kamera kabisa: napanga shata, tundu na ISO kwa mkono kwa kumpima ndege mweupe mmoja, nahakikisha kwenye kioo kwamba manyoya ya mgongo bado yanaonekana, kisha sigusi tena mpaka mwanga ubadilike. Ndege akipita kutoka kwenye tope hadi kwenye chumvi, weupe wake haubadiliki, na picha yangu haibadiliki pia. Jambo hili lina manufaa hasa katika ugomvi, kwa kuwa mgombani mmoja huwa mweupe na mwingine wa rangi ya tope, na aliyeungua harudishwi kwa programu yoyote, ilhali aliye kwenye giza kidogo hurudishika.

Swali: Nilikuwa nikitembea ufukoni karibu na Bagamoyo, nikamwona kitwitwi mdogo akijiburuza mchangani kama aliyevunjika bawa. Nilimfuata hatua nyingi nikimpiga picha, kisha akaruka mzima kabisa. Picha ni nzuri sana, lakini mume wangu anasema nilidanganywa. Ningependa kurudi nikapige picha za kiota.

Jibu: Mumeo amesema kweli, bibie, na aliyekudanganya alikuwa na sababu nzuri. Baadhi ya vitwitwi wanaotaga kwenye mchanga mtupu hujifanya majeruhi ili adui amfuate mzazi na aliache yai. Ulipokuwa ukimfuata, ulikuwa ukiondoka kwenye kiota, jambo alilolitaka. Ulipokuwa ukipiga picha, mayai yalikuwa juani bila mwenye kuyafunika, na jua la saa sita huyapika. Wapo vitwitwi wa kwetu ambao huyafukia mayai kwa mchanga kidogo kabla ya kuondoka, lakini wakishtushwa ghafla hawapati nafasi hiyo.

Kwa hiyo kiotani usirudi. Nasema hivyo bila masharti, na sababu moja ina mabawa: kunguru. Kunguru weusi wenye shingo za kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakaenea pwani yote, nao wana akili ya kutosha kutazama mahali mtu anapoinama. Ukiondoka, huenda wakaja kuangalia ulichokuwa ukikiangalia. Nyayo zako nazo hubaki mchangani zikionyesha njia.

Picha ulizonazo ni nzuri, na zichapishe ukitaka, lakini maelezo yaseme wazi kwamba ndege alikuwa akijifanya majeruhi kwa sababu ulimkaribia. Nimeona picha nyingi za aina hii zikiitwa "ngoma ya kitwitwi", na zile za yangeyange wawili wanaopigania samaki zikiitwa "mapenzi". Mpiga picha wa uhusiano wa wanyama akikosea uhusiano wenyewe, hata picha iwe safi namna gani, amepotosha.

Kwa kuwa tumetaja kukaribia, nitaongeza jambo kuhusu wale wasiotaga kwetu. Wengi wa ndege wa ufukoni hufika Agosti na Septemba na kuondoka kuanzia mwezi wa Aprili, wengine kwenda mpaka kaskazini ya mbali ya Siberia. Kabla ya kuondoka lazima wanenepe, na kila mara wanaporushwa hutumia mafuta waliyoyakusanya na kupoteza muda wa kula, muda ambao maji yenyewe yamekwisha kuupunguza. Wakijaa kwenye fungu la mchanga maji yakiwa juu, huo ni wakati wao wa kupumzika. Dalili ziko wazi kabla hawajaruka: huacha kula, huinua vichwa, hujikusanya, huanza kutembea kukupa kisogo. Ukiona vichwa vimeinuka, umekwisha kupita mpaka. Simama, na ikiwezekana rudi nyuma huku umeinama.

Swali: Mimi ni mwanafunzi na nina simu tu. Je, nijaribu?

Jibu: Jaribu, lakini usimkimbilie ndege kwa simu, kwa kuwa utalazimika kumsogelea mno. Azima darubini, iegemeze juu ya jiwe au mfuko uliojaa mchanga, kisha lenga kamera ya simu katikati ya kioo chake cha nyuma na uzungushie kitambaa ili mwanga usiingie kando. Picha za kutundika ukutani hutazipata. Hata hivyo video ya dakika moja ya vitwitwi wakikimbizana na wimbi, iliyopigwa kwa njia hiyo na kuandikwa tarehe, mahali na hali ya maji, itakufundisha tabia zao zaidi ya picha elfu za mojamoja, kwa kuwa utaweza kuirudia na kuona nani alianza.

Swali: Maji ya chumvi yamerukia kamera na lenzi yangu. Nimeyafuta kwa shati. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, na shati lilikuwa kosa, kwa sababu chumvi ikikauka huwa chembechembe zinazokwaruza kioo. Zima kamera, chovya kitambaa laini katika maji baridi yasiyo na chumvi, kikamue mpaka kibaki na unyevu tu, pangusa mwili wa kamera na pete za lenzi, kisha rudia kwa kitambaa kikavu. Kioo cha mbele kipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira kabla ya kukigusa. Miguu ya tripodi isuuze yote kwa maji ya bomba, ukiwa umeivuta hadi mwisho, na iache ikauke kabla ya kuikunja. Lenzi usiibadilishe ufukoni kabisa, hata ndege awe nani.